Mpira Haukuinuka

Mpira wa kwanza wa tenisi niliopigiwa kwenye nyasi nikiwa mshindani haukuinuka. Niliuona ukivuka wavu, nikarudi hatua mbili nyuma kama nilivyozoea kwenye sementi ya Mbeya, nikavuta raketi, nikausubiri ufike kiunoni. Ulipita chini ya goti ukiteleza kama kipande cha sabuni kwenye sakafu yenye maji, nami nikapiga hewa. Mpinzani wangu hakushangilia. Alikuwa ameshageuka kwenda upande wa pili kuanzisha pointi nyingine. Ilikuwa wikiendi ya Sabasaba, Mufindi, baridi ya kukata masikio, na nilikuwa na miaka 41.

Tangu siku hiyo nimerudi kila mwaka, isipokuwa mwaka tuliomzika mama. Mwezi wa tano ukiingia naanza kuinama. Asubuhi kabla ya kazi nasimama uani, natanua miguu, nachuchumaa nusu, natembea hivyo hivyo kwa hatua fupi fupi hadi kwenye bomba la maji na kurudi, mapaja yakiwaka moto. Uwanja wa nyasi unamtaka mtu aliye chini, na mimi mwaka mzima nacheza juu ya sementi inayomletea mtu mpira mkononi.

Uwanja wenyewe uko ndani ya shamba mojawapo la chai. Ni uwanja mmoja tu. Upande wa magharibi kuna mstari wa mikaratusi, na pande tatu zilizobaki ni chai, imekatwa bapa, kijani hadi macho yanapochoka. Wazee wa pale husema ulitengenezwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya mameneja na wake zao. Mtoto wa mfanyakazi aliingia pale kwa kazi moja tu, kuokota mipira, na mimi niliingia kwa mlango huo. Baba alikuwa kiwandani, upande wa kukausha majani. Sisi watoto tulikuwa wanne, wawili kila upande wa wavu, pekupeku, maana viatu vyetu vya shule vingeharibu nyasi. Nikiwa darasa la nne nilikuwa najua kuhesabu pointi za tenisi kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Raketi sikuruhusiwa kuigusa. Nyumbani tulichonga ubao wa paini, tukawa tunapiga mpira uliochakaa kwenye ukuta wa choo mpaka majirani walalamike.

Kwa hiyo nilipopiga hewa siku ile niliona aibu mara mbili. Nyasi zile nilizijua tangu utoto. Kumbe nilizijua kwa macho na kwa nyayo, magoti yangu hayakuwahi kuzijua.

Kutoka Mbeya napanda basi la alfajiri. Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, nashuka Nyololo. Hapo natafuta gari dogo la kwenda Igowole, na kipande cha mwisho ni bodaboda katikati ya chai, begi la raketi mgongoni. Mwezi wa saba ukungu unakuwa mzito kiasi kwamba dereva anapiga honi kwenye kona zote. Nikifika getini nakuta mlinzi amejikunyata kwenye koti la jeshi. "Kamwene," namwambia. "Kamwene, karibu nyumbani," ananijibu, na mimi najiona kweli nimefika nyumbani.

Washindani tunakuwa ishirini na kitu. Wapo walimu, wafanyakazi wa benki, askari wastaafu, daktari mmoja wa Njombe mwenye mkono wa kushoto unaosumbua, wasichana wawili watatu wa chuo kutoka Iringa, na siku hizi vijana kutoka Dar es Salaam wanaokuja kwa gari lao. Hakuna anayelipwa. Kiingilio kinanunua mipira, chokaa na chakula cha mchana. Mshindi anapewa kikombe ambacho anapaswa kukirudisha mwaka unaofuata, na katoni ya majani ya chai ambayo harudishi.

Sasa niseme kuhusu nyasi zenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Mpira ukitua kwenye sementi iliyokwaruzwa, sementi inaukamata. Inaupunguza mwendo na kuurusha juu. Kama umepigwa kwa kuzungushwa kwenda mbele, wale wanaopiga hivyo wanajua, unaruka hadi begani. Kwenye nyasi mambo mawili hutokea kwa pamoja. Udongo chini ya nyasi unanyonya sehemu ya nguvu, kwa hiyo mpira haupandi sana. Na majani yenyewe ni laini, yanalala, hayaung'ang'anii, kwa hiyo mwendo wa kwenda mbele haupungui kama unavyopungua kwingine. Matokeo yake ni mpira unaokujia chini na kwa haraka. Kama umekatwa kwa chini, yaani raketi imepita chini ya tumbo lake, ndiyo basi tena: unatambaa.

Ongeza na milima yetu. Mufindi iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja ya sita. Mpira unakata hewa bila kizuizi. Shirikisho la kimataifa la tenisi linalijua jambo hili. Mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu unatakiwa kudunda hadi kati ya sentimita 135 na 147. Kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 ipo aina yake maalumu, inayodunda kati ya sentimita 122 na 135. Mipira hiyo ya milimani sijawahi kuiona dukani Mbeya. Sisi tunafungua makopo ya mipira ya kawaida wiki mbili kabla, tunaiacha ipumue kabatini mpaka ikibonyezwa kwa kidole gumba isikie. Hata hivyo, mgeni kutoka pwani siku ya kwanza mipira yake yote inatoka nje kwa mita nzima. Akijirekebisha ikaanza kutua ndani, anagundua kwamba haiinuki. Hewani swala, ardhini nyoka.

Wengi wanaponisikia nikisema hivi wanadhani nyasi ni za kupiga nguvu. Mimi nasema ni za kufikiri. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya nyasi kule Uingereza, fainali ya tarehe 5 Julai 1975. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyebakiza siku tano kutimiza miaka 32, alikutana na Jimmy Connors wa miaka 22, bingwa mtetezi, ambaye karibu kila mtu aliamini angeshinda. Connors alikuwa anakula mipira ya nguvu. Ukimpiga kwa kasi anakurudishia kwa kasi zaidi. Ashe, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa nguvu, akaamua siku hiyo kutompa chochote cha kula. Alimpigia mipira laini, ya chini, iliyokatwa, hasa upande wa mkono wake wa raketi, ambao kwa Connors ni wa kushoto, na alipokimbilia wavuni akamvusha juu ya kichwa. Ilikuwa 6–1, 6–1, 5–7, 6–4. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kulichukua kombe hilo. Kwa mwanamke mweusi mlango ulikuwa umefunguliwa na Althea Gibson mwaka 1957, na akarudi kulichukua tena 1958. Kila nikipangiwa kijana mwenye mabega mapana namkumbuka Ashe, na najiambia: usimpe kasi, mpe nyasi.

Mwenye uwanja, kwa maana ya anayeutunza, ni mzee mmoja wa Kihehe ambaye ameufanyia kazi tangu mimi nikiwa mwokota mipira. Wote tunamwita Mzee, na nitamwita hivyo hapa. Ijumaa mimi hufika mapema ili nimsaidie, na hiyo ndiyo siku ninayoipenda kuliko hata siku za mechi.

Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Siku nyingine ni umande tu, siku nyingine ni sakitu kabisa, umande ulioganda, na ole wako ukanyage wakati huo: majani yaliyoganda yanavunjika, na kufika Jumapili alama ya mguu wako itakuwa imeandikwa kwa rangi ya kahawia. Mzee hamruhusu mtu kuingia mpaka jua livuke mikaratusi. Kisha tunachukua kamba ndefu nzito, mimi mwisho huu yeye mwisho ule, tunatembea kila mmoja pembeni mwa uwanja tukiiburuta juu ya nyasi. Umande unadondoka chini mbele ya kamba. Ukiangalia nyuma unaona uwanja umebadilika rangi kuanzia pale ulipopita, kama nguo iliyopigwa pasi. Tusipofanya hivyo manyoya ya mpira yananyonya maji, na baada ya gemu mbili unakuwa unapiga kitambaa cha kudekia.

Halafu mashine. Ni ile ya kusukuma kwa mkono, yenye visu vinavyozunguka kwenye ngoma na kukata nyasi dhidi ya kisu kilichotulia chini, kama mkasi. Mzee hataki kusikia habari za mashine za petroli zenye panga linalozunguka. Anasema zinachana, hazikati, na jani lililochanwa linakauka ncha. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mashine ya aina ile ilibuniwa na fundi wa Uingereza, Edwin Budding, mwaka 1830, baada ya kuona mashine ya kusawazisha manyoya ya vitambaa kiwandani. Nikifikiria, bila yeye mchezo huu usingekuwapo. Mwaka 1874 Meja Walter Wingfield alipochukua hataza ya tenisi ya uwanjani, na 1877 wanaume 22 walipojiandikisha kwa mashindano ya kwanza ya Wimbledon, nyasi fupi za kuchezea zilikuwa tayari zinawasubiri.

Kimo Mzee anakipima kwa njiti ya kiberiti. Anaisimamisha katikati ya nyasi, anainama mpaka shavu linakaribia ardhi, anaangalia. Nyasi zikifika robo ya njiti ameridhika. Siku moja nilirudi nyumbani nikaipima njiti kwa rula na kugawanya: kama milimita 11. Wimbledon wanakata hadi milimita 8. Nilipomwambia, akaitazama njiti yake muda mrefu. "Hao wana maji," akasema.

Nyasi zao na zetu hata hivyo ni tofauti. Wao tangu 2001 wanaotesha raigrasi peke yake, ambayo inasimama wima na kustahimili kukanyagwa; kabla ya hapo walikuwa wanachanganya na aina nyingine laini, asilimia 70 kwa 30. Sisi ni ukoka. Ukoka unatambaa, kila fundo lake likigusa udongo linatoa mizizi, na ndiyo maana mkulima anauchukia na mtunza uwanja anaupenda. Ila ukoka ni mtu wa joto. Mwezi wa sita na wa saba milimani kwetu unalala. Haufi, lakini haukui. Jeraha utakalolitia Julai litapona Novemba mvua zikinyesha. Ndiyo sababu mashindano ni mara mbili tu kwa mwaka, na ndiyo sababu Mzee anasimama getini siku ya mechi akimwambia kila mtu, hata awe mkubwa kiasi gani, ainue mguu aonyeshe soli. Raba yenye soli bapa inapita. Njumu hairuhusiwi kukanyaga hata pembeni.

Na kuna fuko. Mtu wa mjini hawezi kuelewa chuki aliyonayo Mzee kwa fuko. Usiku mmoja mnyama yule anaweza kutoka upande wa chai, akapita chini kwa chini, na asubuhi ukakuta kichuguu cha udongo mwekundu mita moja ndani ya mstari wa nyuma. Mwaka huu alikuja usiku wa kuamkia Ijumaa. Tuliondoa udongo kwa koleo, tukaziba tundu, tukajaza tabaka kwa tabaka. Mzee alikuwa na kazi ya kupiga chokaa, akaniachia kushindilia. Nilishindilia kwa gogo, kwa kisigino, kisha nikapitisha rola mara nne au tano. Nilitaka pawe imara. Tukafunika kwa kipande cha ukoka alichokikata pembeni ya uwanja, nikakisugua kwa kiganja mpaka maungio hayaonekani.

Jumamosi nilishinda mechi mbili. Sina mengi ya kusema juu yake. Wote wawili walikuwa wa rika langu, na wote wanacheza mwaka mzima kwenye sementi kama mimi, ila wao hawafanyi mazoezi ya kuinama.

Jioni tulikaa kwenye kantini ya shamba, kuna jiko la mkaa katikati na king'amuzi. Sabasaba huangukia wiki zile zile za Wimbledon, kwa hiyo kila mwaka tunaitazama kwa pamoja huku tukinywa chai ya pale pale. Wengine wanaangalia wachezaji. Mzee anaangalia chini. "Tazama nyuma ya mstari," akaniambia, "pameshakuwa udongo. Lakini mbele, karibu na wavu, majani bado mabichi." Alikuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho kinaeleza historia nzima. Zamani mtu akianzisha mpira alikuwa anaukimbilia wavuni papo hapo, na kufika wiki ya pili uwanja ulikuwa umechakaa kwa njia kutoka nyuma hadi mbele. Siku hizi udongo wao ni mgumu zaidi, mpira unadunda vizuri zaidi, watu wanabaki nyuma wakipigana masafa marefu, na uchakavu umebaki mstari mmoja wa kahawia. Ukiwa na picha ya uwanja tu, bila wachezaji, unaweza kujua ilipigwa enzi zipi.

Jumapili nusu fainali nikapangiwa kijana wa Dar es Salaam, miaka 23, mrefu, mwenye adabu. "Shikamoo mzee wangu," akaniambia tukipeana mikono. "Marahaba, kijana wangu." Tulikuwa tunacheza seti moja ya gemu 8. Alianza kama nilivyotarajia: mipira mizito ya kuzungushwa ambayo kwake pwani ingeniruka begani. Hapa ilikuwa inanikuta kwenye paja, pazuri kabisa. Nilikata kila kitu. Nilikata kushoto, nikakata kulia, nikampigia mipira mifupi inayokufa mita mbili kutoka wavuni, na kila alipokimbia mbele miguu yake mirefu ilichelewa kukunja. Nikawa naongoza 5–2. Mikono yangu ilikuwa imepata moto, jua limetoka, harufu ya nyasi zilizokatwa na moshi wa kiwanda cha chai zimechanganyika, na kwa dakika kama ishirini nilicheza tenisi nzuri kuliko ninavyojijua.

Kisha kijana akafikiri. Nilimwona akifikiri: alisimama nyuma ya mstari, akaugusa uwanja kwa kiganja, akaangalia wavu. Kuanzia hapo akaanza kuja mbele. Alianzisha mpira na kuufuata, akaupiga wangu kabla haujadunda, na mpira usiodunda haujali kama chini ni nyasi au ni nini. 5–3. 5–4.

Katika gemu iliyofuata, akiwa amebakiza pointi moja tu gemu iwe yake, alipiga mpira mrefu upande wangu wa kushoto, ukatua kwenye mstari wa pembeni au karibu nao. Hatuna mwamuzi. Kila mtu anaamua upande wake, na kanuni ni kwamba ukiwa na shaka mpira uko ndani. Sikuwa na shaka. Nilisema nje, kwa sauti, nikainua kidole. Kijana akaitikia kwa kichwa, akageuka.

Mtoto mwokota mipira akanirushia mpira ule. Niliudaka, na nilipokuwa nauzungusha mkononi niliona weupe. Kwenye manyoya ya njano palikuwa na alama ya chokaa, ndogo kama ukucha wa mtoto, mbichi, bado ina unga unaoshika kidole.

Nilisimama pale na huo mpira. Nilijua kuna njia ya kutokea: tulikuwa tunachezea mipira mitatu, huenda ule ulikuwa umegusa mstari pointi mbili nyuma, nani angejua? Mtoto alikuwa ananitazama. Alikuwa pekupeku kama nilivyokuwa mimi, na amesimama pembe ile ile niliyokuwa nasimama. Nilipokuwa wa umri wake niliwahi kuona watu wazima wakiufuta weupe kwenye kaptura na kuendelea. Naikumbuka kaptura mojawapo mpaka leo. Nikainua mpira juu, nikamwita kijana, nikamwambia, "Ulikuwa ndani. Gemu ni yako." Akaja hadi wavuni, akauangalia mpira, akanipa mkono juu ya wavu kabla hatujaendelea. 5–5.

Kuna jambo la nyasi ambalo sementi haina: mstari wake ni kitu. Si rangi iliyokauka, ni unga uliomwagwa asubuhi hiyo kwa mkono wa mtu, juu ya uzi uliovutwa. Ukiguswa unasema. Vumbi jeupe linaruka, au linashika mpira, na anayetaka kujua anajua. Wimbledon kwa miaka mingi walitegemea macho ya watu na vumbi lile kabla ya kuja kwa mitambo. Sisi bado ndio tulipo hapo, na sioni kama tumepungukiwa.

Tulifika 6–6, kisha 7–6 yake. Pointi ya mwisho nilikuwa na nafasi. Alikuwa mbele, mimi nikamvusha juu ya kichwa, akarudi mbio, akaupiga akiwa amegeuza mgongo, mpira ukaja juu juu na polepole, ukielekea kutua mita moja ndani ya mstari wangu wa nyuma. Nilikuwa na muda wote wa dunia. Nilishuka chini kama nilivyojizoeza uani tangu mwezi wa tano, goti la nyuma karibu linagusa nyasi, raketi chini, nikausubiri pale unapopaswa kuja.

Uliinuka. Ulidunda kama umepigwa kwenye sementi ya Mbeya, ukapita juu ya raketi yangu, ukanigusa bega. Ulikuwa umetua kwenye kiraka cha fuko. 8–6.

Baadaye, tukila, watu walizungumzia bahati mbaya, na kijana mwenyewe alikuja kuniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyechimba tundu. Nilimwambia hakuna kosa. Alishinda fainali pia, vizuri, na alipokuwa anapokea kikombe aliuliza mbele ya wote kama anaweza kuja Ijumaa mwaka ujao kuona kazi inavyofanyika. Niliona Mzee akitazama chini, akitabasamu.

Ninaandika haya kwa sababu ninaogopa. Kuna uwanja mwingine wa nyasi niliowahi kuucheza, katika mji mmoja wa nyanda hizi zetu, sitausema. Miaka michache iliyopita wenyewe walianza kuukodisha kwa harusi. Mahema yanahitaji vigingi, na vigingi ni nondo zinazopigwa kwa nyundo. Nilikwenda kuuangalia mwaka juzi nikahesabu matundu mpaka nikaacha. Kwenye mstari wa kuanzishia mpira kulikuwa na duara jeusi pale sufuria la pilau lilipowekwa juu ya mafiga. Sasa wanazungumzia kumwaga zege ili iwe sehemu ya kuegesha magari. Ninaelewa hesabu zao. Nyasi zinakula maji, zinakula mtu mzima wa kuajiriwa mwaka mzima, kisha zinachezewa wiki chache. Hata wakubwa walishindwa: mpaka 1974 mashindano makubwa matatu kati ya manne ya dunia yalikuwa kwenye nyasi, kisha Marekani wakaziacha, na baada ya 1987 Australia nao wakaziacha, ikabaki Wimbledon. Lakini zege ukishalimwaga hulirudishi. Ukoka unahitaji miaka kushikana na udongo, na mtu anayejua kuusoma unahitaji miaka zaidi kumpata. Kama kuna anayesoma hapa mwenye sauti kwenye kamati ya klabu yoyote ya nyanda hizi, namwomba, kabla ya kupiga kura aende pale asubuhi moja, avue viatu.

Sikuondoka Jumapili. Jumatatu ilikuwa sikukuu, na nilikuwa na kazi ya kumaliza.

Nilimkuta Mzee ameshachuchumaa kwenye kile kiraka. Mpira wangu wa mwisho ulikuwa umeacha alama ya duara, hafifu, kwenye ukoka. Alibonyeza pale kwa kidole gumba, kisha akabonyeza sentimita kadhaa pembeni, kwenye uwanja wa zamani. Akanishika mkono akaniwekea kidole changu pale, kisha pale. Nilisikia tofauti. Kwangu palikuwa kama meza.

"Ulipashindilia mno," akasema.

"Nilitaka pasizame, Mzee."

"Najua, mwanangu."

Tukafunua kile kipande cha ukoka taratibu kama mtu anavyofunua bandeji, tukakiweka kwenye gunia lenye maji. Alinipa panga la zamani lililokatika ncha, nikaanza kuutifua udongo niliokuwa nimeushindilia, kidogo kidogo, nikiuponda vidongevidonge kwa vidole, naye akichanganya na mchanga na samadi laini iliyochekechwa. Alinionyesha jinsi ya kuushusha kwa kiganja tu, bila gogo, bila kisigino, na kusubiri maji yaushushe yenyewe. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye chai. Wachumaji walikuwa wameshaingia mistarini, sikukuu au si sikukuu, na tuliwasikia wakizungumza bila kuwaona.

"Basi lako saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia bado kuna la saa saba. Akanisogezea ndoo.